Luo Union Haikuwa Timu ya Mpira

Nimechoka kuulizwa kipa alikuwa nani. Kila nikisema ninakusanya madaftari ya Luo Union, chama cha zamani cha Waluo cha kusaidiana, watu wa Kisumu, tena waliozaliwa hapa hapa, hudakia mambo ya mpira. Timu ilikuwepo, na ilikuwa kali: ilibeba ligi 1964 na 1975, kisha kombe la CECAFA la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Sibishi. Ila timu ilizaliwa na chama, na chama kilikuwa na kazi nzito kuliko kufunga mabao.

Anza na msiba. Mtu wa Alego, huko Unyanza, amefia Kampala au Mombasa. Nani atamfikisha nyumbani? Wenzake wa lokesheni, yaani wa eneo moja la nyumbani, wanachanga, na Union ndiyo inayoyaunganisha makundi hayo ya Gem, Seme na kwingineko. Mgeni anatafutiwa pa kulala na kibarua. Ugomvi wa mke na mume unapelekwa kwa wazee. Karo za shule pia zinachangiwa.

Wengine wanaichanganya Union na Luo Thrift and Trading Corporation, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Eti kwa kuwa mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga aliongoza vyote viwili, basi ni kitu kimoja. Sivyo! Luo Thrift, iliyoanzishwa 1947, ilikuwa kampuni: unanunua hisa, unangoja faida. Kwenye Union unalipa ada, na hungoji kitu mpaka siku ufiwe. Shika daftari la michango ulitazame: jina, lokesheni, kiasi, sahihi. Asiyejua kuandika ameweka dole gumba, na wino umesambaa hadi mstari wa chini. Safu ya faida haimo.

Ofafa Memorial Hall, ukumbi wa hapa Kisumu, ilijengwa kwa michango ya namna hiyo, kumkumbuka Ambrose Ofafa, mweka hazina wa Union na diwani wa Nairobi aliyeuawa 1953. Serikali ya mkoloni haikutuzawadia ukumbi ule.

Je, walitoa kwa hiari? Wazee husema ndiyo. Mimi nina shaka. Mtu anayejua kwamba siku moja maiti yake itasafirishwa na chama hicho hicho, hiari yake ni ndogo. Tena Union hiyo ilikuwa ikiwasaka wanawake walioishi mijini bila waume na kuwarudisha mashambani wapende wasipende. Anayeisifu Union bila kulitaja hilo anatupa nusu ya habari.

Serikali ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe, 1980, timu ziliokoka kwa kubadili majina: Luo Union ikawa Re-Union, Abaluhya, timu ya Waluhya, ikawa AFC Leopards. Chama chenyewe hakikupata jina la kujifichia. Ndiyo maana watu wanakumbuka mabao tu, na madaftari yamelala chini ya vitanda.

Kama babu yako alikuwa katibu au mweka hazina wa tawi lolote, muulize sanduku liko wapi, kabla karatasi hazijafungiwa njugu.