Je, wajua kwa nini mama anayenyonyesha anaweza kutia asali kwenye chai yake, lakini mtoto asilambishwe?

Tabora ni nchi ya asali, na si ajabu kumkuta mzazi akinywa chai ya mchaichai au ya tangawizi iliyotiwa asali ya nyuki wa miombo. Je, kinywaji hicho humfikia mtoto anayenyonya?

Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na vitu vinavyoletwa na damu ya mama, kwa hiyo chochote anachokunywa hulazimika kwanza kupita katika utumbo na ini lake, na kwa kawaida ni sehemu ndogo tu inayofika kwenye maziwa. Asali huweza kuwa na chembe zilizolala za bakteria Clostridium botulinum, ambazo hata maji ya chai yanayochemka hayaziui. Kwa mama hazivuki kuingia katika maziwa. Lakini mtoto wa chini ya miezi 12 akilambishwa asali, zinaweza kuamka katika utumbo wake usiokomaa na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Kafeini ya majani ya chai haizuiliki hivyo. Mtu mzima huondoa nusu yake mwilini kwa takribani saa 5, ilhali kichanga huhitaji siku kadhaa, na hivyo vikombe vingi vya mama huweza kulimbikiza kafeini mwilini mwa mtoto hadi akakosa utulivu na usingizi. Mchaichai na tangawizi havina kafeini, mradi visichemshwe pamoja na majani ya chai, na kwa kiasi cha kawaida cha jikoni sioni sababu ya kumtisha mama.

Uwatu, unaosifiwa kwa kuongeza maziwa, huweza kushusha sukari ya damu, hivyo mama anayetumia dawa za kisukari aulize kwanza. Maziwa yenyewe huongezeka hasa mtoto anaponyonya mara kwa mara, usiku na mchana.

Ninachokihofia zaidi ni unga wa mizizi mchanganyiko usiojulikana majina, kwa kuwa ipo mimea yenye sumu zinazoharibu ini, na hakuna awezaye kukadiria kipimo cha kitu asichokijua. Mama aliyepewa unga wa namna hiyo aupeleke kliniki, amwonyeshe muuguzi kabla ya kuunywa. Na mtoto asiyetimiza miezi 6 asipewe chai yoyote ya mitishamba, hata kijiko kimoja.