Gogo la mpingo na hesabu za Farao

Wanafunzi wakija makumbusho hupenda kuuliza: Misri ya kale ilitajirika kwa vita au kwa biashara? Mimi huwajibu kwa gogo la mpingo.

Misri haikuwa na mpingo. Kando ya Nile kulikuwa na mikuyu, migunga na mitende, mbao ambazo fundi wa kasri asingejivunia. Mti mweusi ulitoka kusini, nao wakauita hbny. Jina hilo likapita kwa Wayunani na Waarabu hadi likatufikia na sisi: abunusi. Wataalamu waliochunguza magogo ya zama hizo yaliyopatikana baharini wamethibitisha kuwa ni Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo uleule wanaouchonga Wamakonde. Asikimbilie mtu kusema ulikatwa Lindi, maana mti huu humea hadi Ethiopia na Eritrea.

Njia ya kwanza ya kuupata ilikuwa mabavu. Karibu mwaka 1500 KK majeshi ya Misri yaliuvunja ufalme wa Kush, katika Sudan ya leo, na nchi ikawekewa gavana. Tangu hapo dhahabu, pembe za ndovu, ng'ombe na mpingo vilishuka Nile mwaka hadi mwaka. Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Thutmose III, huko Luxor, watu wa kusini wamechorwa wamepanga foleni na mizigo yao. Wana na twiga, na tumbili anaparamia shingo ya twiga huyo. Mchoraji alikuwa na jicho.

Njia ya pili ilikuwa nchi ya Punt, kusini kwa Bahari ya Shamu, ambako Farao hakuwa na gavana wala ngome. Malkia Hatshepsut, aliyetawala kati ya mwaka 1479 na 1458 KK hivi, alipeleka huko merikebu tano, na safari hiyo ikachongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari. Nyumba za Punt zimesimama juu ya nguzo, ngazi mlangoni. Mkuu wao Parahu na mkewe Ati wanampokea mjumbe wa Misri aliyefuatwa na askari wachache, na mbele yake pamewekwa shanga, bangili, shoka na jambia. Kisha wageni wanaandaliwa hemani mkate, bia, divai, nyama na matunda. Merikebu zinarudi zimesheheni mpingo, pembe, nyani, na miche 31 ya manemane ikiwa hai.

Maandishi ya ukutani yanawaonyesha watu wa Punt wakimwinamia Farao na kumwomba uhai. Mimi naziamini zaidi zile shanga. Askari wachache hawalazimishi nchi ya mbali kutoa kitu. Waliokuja pale walikuja kubadilishana mali.

Ila makarani wa Farao walikuwa na neno moja, inw, maana yake "kilicholetwa". Mizigo ya Kush iliweza kuitwa inw, mali ya Punt iliitwa inw, hata zawadi ya mfalme wa mbali. Anayejua habari za misafara ya bara katika karne ya 19 atakumbuka hongo: mfanyabiashara aliona ushuru wa njia, mtemi aliona heshima yake.

Mpingo haukuishia Misri. Katika barua za vibao vya udongo zilizofukuliwa Amarna, Misri, mwaka 1887, Farao Amenhotep III anamwandikia mfalme wa Babeli, ambaye amejenga makao mapya, kwamba anampelekea vitanda vya mpingo vilivyofunikwa dhahabu, kimoja kwa pembe na dhahabu, pamoja na viti. Vingine vinaandaliwa, mjumbe wa Babeli akimleta binti wa mfalme huyo kuolewa. Msomaji wa pwani hapo ananusa mahari.

Halafu kuna jahazi lililozama Uluburun, kusini mwa Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK. Mpiga mbizi wa sifongo aliligundua mwaka 1982. Lilibeba shaba tani 10 hivi, bati karibu tani moja, kito cha dhahabu chenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri, na magogo ya mpingo ambayo hayakuwa yameguswa na patasi. Leo yako katika makumbusho ya Bodrum, bado meusi.