Kigari cha Umeme Kisiposhika Mteremkoni, Anza na Betri Kabla ya Kununua Kontrola

"Asubuhi haishiki, jioni inashika." Ndivyo dereva mmoja wa kigari cha gofu alivyonieleza shida yake, na ndani ya maneno hayo manne jibu lilikuwa limeshatajwa. Kigari chake hubeba wageni kutoka nyumba ya kulala wageni iliyo kilimani, upande wa juu wa mji wa Iringa, na kuwashusha hadi getini. Safari ya kwanza ya siku, akiachia pedali ya mwendo, kigari kilishuka kama mkokoteni uliokatika kamba. Ikifika saa kumi jioni, kwenye mteremko ule ule, kilijizuia chenyewe bila shida. Kabla ya kuletwa kwenye karakana ya chuo chetu, mwenye mali alikuwa ameshanunua kontrola mpya, yaani kifaa kinachoongoza umeme kati ya betri na mota, kwa fedha nyingi, na shida ilibaki pale pale.

Mota ya umeme ikipewa umeme huzungusha magurudumu. Magurudumu nayo yakianza kuizungusha mota, kama inavyokuwa mteremkoni, mota hugeuka jenereta: inazalisha umeme unaorudi kwenye betri, na uzito wa kazi hiyo ndio unaopunguza mwendo. Hiyo ndiyo breki ya mota. Inahitaji kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii, yaani mahali pa kuupeleka umeme huo. Betri iliyolala kwenye chaja usiku kucha imeshiba. Ukiisukumia umeme zaidi, volti zinapanda ghafla, kontrola inaona hatari na inaacha kuzuia ili isiungue. Jioni betri imeshatumika, ina nafasi, na breki inarudi. Kontrola ya zamani ilikuwa nzima muda wote.

Tupige hesabu kidogo. Kigari chenye abiria, jumla kilo 500, kikishuka mteremko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kinaweza kurudisha kama ampea 35 kwenye betri za volti 48. Chaja nyingi za vigari hivi hutoa ampea 13 hadi 25. Kwa hiyo mteremko ni chaja kali kuliko ile iliyofungwa ukutani. Lakini kali si sawa na nyingi. Kilo hizo 500 zikishuka mita 100 za kimo zina nishati ya wati-saa 136 tu, na sehemu yake hupotea njiani. Betri za volti 48 na ampea-saa 225 hubeba takriban wati-saa 10,800. Anayekuambia kwamba kushuka kutoka mjini hadi Ipogolo, kule bondeni, kutakujazia betri anakudanganya. Faida kubwa ya breki ya mota kwa sisi wa milimani ni kutuliza mwendo na kuzipunguzia kazi breki za kawaida.

Dawa ya kigari kinachochajiwa juu na kuanza siku kwa kushuka inategemea aina ya betri. Betri za lithiamu hazidhuriki zikiachwa bila kujaa, kwa hiyo chaja inayoruhusu isimamishwe kwenye asilimia 85 au 90. Betri za risasi na asidi zina tabia tofauti. Zikikaa bila kujaa siku baada ya siku, sahani zake huota chumvi ngumu na uwezo wake hufa polepole. Hizo zijaze kabisa, ila hamishia chaja chini ya mlima, au kiendeshe kigari kwanza sehemu ya tambarare au ya kupanda kabla ya kupakia abiria wa kushuka.

Waliong'oa betri za risasi na kufunga za lithiamu wasome hapa kwa makini. Lithiamu ina ubao wa ulinzi ndani yake. Seli moja ikipita kiwango, kwa aina ya chuma na fosfeti ni karibu volti 3.65, ubao unaweza kukata umeme wote mara moja. Hilo likitokea katikati ya mteremko, mota haivuti na haizuii. Kabla ya kubadilisha, hakikisha ubao unamudu umeme unaorudi, si ule unaotoka tu, na chaja iwe ya lithiamu. Wenzetu wa Makete wana jambo jingine la kuangalia: asubuhi za Juni na Julai sakitu ikianguka, betri hizo hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na umeme wa mteremkoni nao ni kuchaji. Egesha ndani.

Sasa tuje kwenye kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, nalo ni la nyaya na vichwa vya betri. Kichwa kilichoota unga mweupe au wa kijani, au nati iliyolegea, huleta ukinzani, yaani huuzuia umeme kupita vizuri. Kigari kikipanda, volti zinazofika kwenye kontrola zinashuka na kigari kinachoka. Kikishuka, ukinzani huo huo unafanya kontrola ione volti nyingi kuliko zilizopo kwenye betri, nayo inakata breki ya mota. Mtu anaona shida mbili na kudhani betri zimekufa na kontrola imekufa. Kumbe ni nati moja.

Kulipata kosa hilo ni rahisi kwa mwenye mita. Magurudumu yakiwa chini na kigari kikipanda na mzigo, msaidizi apime volti kati ya nguzo ya betri yenyewe na kikonyo cha waya kilichofungwa juu yake. Muungano mzuri unaonyesha karibu sifuri. Ukiona zaidi ya volti 0.2, fungua, safisha, kaza. Unga ule uoshe kwa maji yenye magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Kabla ya kushika spana, zima ufunguo, weka swichi ya chini ya kiti kwenye TOW (yaani kuvutwa), vua pete na saa.

Kisha pima betri zenyewe, zikiwa zimechajiwa na kupumzika saa kadhaa. Seti ya volti 48 ya risasi iliyojaa inasoma karibu 50.9; ikisoma 48.4 iko nusu. Usiishie kwenye jumla. Pima moja moja, halafu zipime tena kigari kikipanda: betri ya volti 6 inayoporomoka wakati wenzake wamesimama imara ndiyo inayowaangusha wote. Mwenye haidromita, yaani kipimo cha uzito wa asidi, apime kila seli, na tofauti ya 0.050 kati ya seli na seli inatosha kuikataa betri. Kwa baridi yetu, usomaji unadanganya kidogo. Asidi ya betri ikiwa nyuzi 15, punguza 0.008 kwenye ulichosoma. Baridi hiyo hiyo hupunguza uwezo wa betri kwa muda, hivyo kigari cha Mafinga kinachoishiwa mapema mwezi wa Julai kinaweza kuwa hakina ugonjwa wowote.

Neno "maji ya betri" limeua betri nyingi. Dukani wanaita hivyo asidi na pia maji yaliyokenekwa (distilled water). Kinachopungua kwenye betri ni maji tu, asidi haiondoki. Kwa hiyo ongeza maji yaliyokenekwa, baada ya kuchaji na si kabla, isipokuwa sahani ziko wazi. Hapo zifunike kwanza kidogo ndipo uchaji. Na ninaomba sana, mlinzi asiingie na jiko la mkaa kwenye chumba cha kuchajia. Naelewa baridi ya usiku. Lakini betri za risasi zikichajiwa hutoa hidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka.

Betri na nyaya zikiwa safi na bado kigari hakishiki saa yoyote ya siku, angalia sensa ya mwendo iliyo mwishoni mwa mota. Inasoma sumaku ndogo kwenye ekseli ya mota. Vumbi, plagi iliyolegea au sumaku iliyovunjika huifanya kontrola isijue kasi, na kigari huenda kwa kushtukashtuka au polepole mno. Angalia pia kama mota yenyewe ni ya aina inayorudisha umeme. Mota ya zamani yenye nguzo nne nene za kufungia nyaya, zinazolingana, kwa kawaida hairudishi kitu. Yenye mbili nene na mbili nyembamba, au yenye nyaya nene tatu, inaweza. Kontrola iwe ya mwisho kushukiwa.

Yule dereva wetu hakununua kitu kingine. Chaja ilihamishiwa kwenye kibanda cha getini, na asubuhi kigari kinaanza kwa kupanda. Tulipofungua ngoma za magurudumu ya nyuma tulikuta waya wa breki ya mguu umeganda kwa kutu, kwa sababu alizoea kuiachia mota kazi yote. Tuliubadilisha siku hiyo hiyo, na sasa kila asubuhi anaikanyaga breki hiyo mara tatu getini kabla ya kupakia mtu.