Maji yasiyotoa povu: pima ugumu wake kabla ya kununua dawa

Ukifua kwa maji ya kijito kinachoshuka Mlima Rungwe, kipande kidogo cha sabuni ya mche hutoa povu jingi. Sabuni hiyohiyo kwenye maji ya kisima kirefu kilichochimbwa katika miamba ya chokaa ya bonde la Songwe huishia kuwa utando wa kijivu unaoganda pembeni mwa beseni. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ukaa iliyomo kwenye udongo, yakapata ukali kidogo, kisha yakayeyusha kalsiamu na magnesiamu za mwamba. Madini hayo mawili ndiyo yanayoyafanya maji kuwa magumu.

Kuyanywa si hatari. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, na mwili unayahitaji madini yote mawili. Hasara iko kwenye sabuni, kuni, mkaa na umeme. Kwa hiyo hakuna haja ya kutibu kila ndoo inayoingia nyumbani. Tibu yale ya kazi inayoathirika.

Ila pima kwanza, maana ugumu ni wa aina mbili na kila mmoja una dawa yake. Kwangua kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya mche, uyeyushe katika robo lita ya maji ya mvua yaliyopashwa moto. Usitumie sabuni ya unga, kwani huwa na viambato vinavyopambana na ugumu na vitakudanganya. Chukua chupa tatu za nusu lita. Ya kwanza itie robo lita ya maji ya mvua, ya pili robo lita ya maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima yaliyochemshwa dakika 15, yakatuama usiku kucha na kumiminwa bila kutibua mashapo. Ongeza maji ya sabuni nusu kijiko cha chai kwa mara moja, tikisa sekunde 10, uhesabu hadi povu lidumu dakika moja. Chupa ya mvua itahitaji kidogo sana. Kama ya tatu inaikaribia ile ya mvua, ugumu wako ni wa muda na kuchemsha kunatosha. Kama inakaribia ile ya pili, ugumu ni wa kudumu, nao hauondoki kwa moto. Mara nyingi utakuta mchanganyiko.

Kwa kufua, magadi hufanya kazi kwa aina zote mbili, kwani hugeuza kalsiamu kuwa unga mweupe unaozama. Hesabu yake inafaa kujulikana. Ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita humeza takriban gramu 35 za sabuni kabla povu halijaanza kusimama. Magadi soda safi gramu 6 hadi 7 tu huondoa ugumu huohuo. Magadi ya asili ya sokoni yanahitaji mara mbili yake, yaani karibu kijiko kimoja cha chakula. Yayeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, changanya, acha saa moja au zaidi, kisha mimina maji ya juu. Tumia ndoo ya plastiki, maana magadi hula sufuria za alumini. Usiyatumie kwa sufu wala hariri, na maji hayo yasinywewe.

Jikoni, maharage ndiyo yanayoumia zaidi. Kalsiamu hushikana na pektini, gundi ya asili iliyomo kwenye punje, na kuikaza, hivyo hata maharage mapya ya Uyole yanaweza kukesha jikoni. Yaloweke na kuyapika kwa maji ya mvua, au kwa maji yaliyochemshwa na kutuama ikiwa ugumu ni wa muda. Magadi huyalainisha pia, lakini huharibu vitamini B1, na baadhi ya magadi yana floraidi nyingi. Nisingependa yawe mazoea ya kila siku.

Nyanda za Juu Kusini maji ya kuoga hupashwa moto karibu mwaka mzima, kwa hiyo ukoko mweupe hujijenga haraka kwenye birika na koili ya umeme ya kupashia maji. Ukoko haupitishi joto vizuri: umeme unapotea, koili inaungua. Tia siki na maji nusu kwa nusu, pasha hadi karibu kuchemka, zima, acha saa moja, suuza, kisha chemsha maji safi na kuyamwaga. Juisi ya ndimu nne au tano katika nusu lita ya maji nayo yafaa. Koili ya ndoo ichomoe kwenye umeme, ipoe, ndipo uiloweke bila kulowesha mshikio. Usiikwangue kwa kisu; ganda likitoboka, umeme huingia majini. Siki isikutane kamwe na dawa ya nguo yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.

Shabu hutuliza tope tu. Tena salfeti yake hugeuza sehemu ya ugumu wa muda kuwa wa kudumu. Chujio la kauri na vidonge vya klorini haviugusi ugumu kabisa.

Maji laini kuliko yote yanatoka juu yako, kuanzia Novemba hadi Aprili, kupitia bati. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 hukupa karibu lita 640, ukitoa moja ya tano inayopotea. Mwaga lita 40 za mwanzo zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshwe vilevile.

Maji yakiwa na ladha ya chumvi, au yakiacha doa la kahawia, magadi hayatasaidia. Hiyo ni kloraidi au chuma. Suuza chupa safi ya lita moja mara tatu kwa maji ya kisima hicho, ijaze hadi juu, uipeleke maabara ya ubora wa maji. Omba kipimo cha ugumu wa jumla, alkalini, kloraidi, chuma na floraidi. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, zaidi ya 180 ni magumu sana. Ukipata 150, kijiko cha magadi kiwe nusu; ukipata 600, viwe viwili.