Kubadilisha anwani ya MAC kwenye Linux: ni nini hasa kinachobadilika?

Kila kadi ya mtandao, ya waya au ya Wi-Fi, hutoka kiwandani na anwani yake, maarufu kama anwani ya MAC. Ni biti 48 zinazoandikwa kwa jozi sita za heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f), mfano 00:00:5e:00:53:1a. Kwa kawaida jozi tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, ambaye hugawiwa na shirika la viwango la IEEE, na tatu za mwisho huzipanga mwenyewe.

Watu wakisikia "kubadilisha anwani ya MAC" hudhani kadi yenyewe inaandikwa upya. Sivyo. Namba ya kiwandani hubaki palepale kwenye kumbukumbu ya kadi. Kompyuta ikiwaka, draiva (programu inayoendesha kadi) huisoma na kuikabidhi kwa kerneli, yaani kiini cha Linux, na kerneli ndiyo huitumia kama anwani ya mtumaji katika kila fremu, yaani kifurushi cha data, inayotoka. Tunachofanya ni kuipa kerneli namba nyingine. Ndiyo maana ukizima na kuwasha kompyuta, ile ya zamani hurudi.

Kwanza tafuta jina la kadi kwa `ip link show`. Tuseme ni enp3s0:

sudo ip link set dev enp3s0 down
sudo ip link set dev enp3s0 address 02:4b:91:d0:3e:77
sudo ip link set dev enp3s0 up

Kadi hushushwa kwanza kwa sababu draiva nyingi hukataa kubadilishiwa anwani zikiwa kazini. Tahadhari: kama umeingia kwenye mashine hiyo kutoka mbali kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo, mstari wa kwanza tu utakukatia mawasiliano, na hutaweza kuandika wa pili.

Sasa tazama ile 02 mwanzoni, maana hapo ndipo wengi hukwama. Andika baiti hiyo kwa biti: 00000010. Biti ya mwisho kabisa huonyesha kama anwani ni ya kifaa kimoja au ya kundi. Ikiwa 1, ni ya kundi, na hakuna kadi inayoruhusiwa kujitambulisha hivyo. Ukijaribu 03, kerneli itakujibu "Cannot assign requested address". Biti inayoitangulia, ikiwa 1, inasema anwani hii imepangwa na mwenye mtandao, haikutoka kwa mtengenezaji. Kwa hiyo anwani ya kujitungia iwe na 2, 6, a au e katika tarakimu yake ya pili. Ukifuata hilo, kwa kawaida hutaangukia kwenye namba za mtengenezaji.

Ukitaka kuona namba ya kiwandani, andika `ethtool -P enp3s0`.

Sababu nzuri za kubadilisha zipo. Mashine pepe zilizonakiliwa mara nyingine hubeba anwani moja, na ni lazima zitofautishwe. Faragha nayo ni sababu ya kweli: anwani isiyobadilika humwezesha mwenye mtandao wa Wi-Fi kujua kuwa kifaa kilekile kimerudi. Lakini usiipe kazi isiyoiweza. Anwani ya MAC huishia kwenye ruta ya kwanza, kwa hiyo tovuti unayoitembelea kwa kawaida haiioni, na kuibadilisha hakukufichi huko.

Kuchukua anwani ya kifaa cha mtu mwingine ni jambo jingine, na siliungi mkono. Swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja, huweka jedwali la anwani ipi iko mlango upi. Vifaa viwili vikitangaza anwani moja, jedwali huyumba kila mmoja anapotuma, na data ya huyu huenda kwa yule. Wote wawili mtandao unawasumbua, na mwenye anwani halali hajui kosa lake ni nini.

Kama mitandao ya kompyuta yako inasimamiwa na programu ya NetworkManager, anwani uliyoiweka kwa mkono inaweza kufutwa unapounganisha upya, hasa kwenye Wi-Fi. Afadhali uiagize yenyewe:

nmcli connection modify "jina la muunganisho" wifi.cloned-mac-address stable

Kwa `stable`, kila muunganisho hupata anwani yake ya kubuni isiyobadilika, hivyo ruta inaendelea kukutambua na kukupa IP ileile. Ukiweka `random`, anwani hubadilika kila unapounganisha, na ruta itakuona mgeni kila mara. Kwa matumizi ya kila siku mimi ningechagua `stable`.