Je, wajua kwa nini goti la mkimbiaji huuma zaidi anaposhuka mlima kuliko anapopanda?

Mkimbiaji anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini huhema kwa tabu, lakini mara nyingi goti lake halimsumbui. Maumivu humwanza anaporudi chini, wakati pumzi imeshatulia na mwendo umekuwa mwepesi. Wanaokimbia Mbeya katika barabara ya Chunya, inayopanda kuelekea Kawetere, nao hukutana na jambo hilohilo, na wengi hushangaa kuona kwamba sehemu rahisi ya mazoezi ndiyo inayowarudisha nyumbani wakichechemea.

Sababu iko katika kazi ya misuli ya mbele ya paja. Wakati wa kupanda, misuli hiyo hukaza huku ikifupika ili kuusukuma mwili juu, na husaidiwa sana na misuli ya makalio na ya shavu la mguu. Wakati wa kushuka, kila mguu unapotua, misuli hiyohiyo hulazimika kukaza huku ikirefushwa, ili goti lisijikunje ghafla chini ya uzito wa mwili. Hapo inakuwa ndiyo breki, na dereva yeyote wa lori aliyeteremka Kitonga akiwa na mzigo anajua kwamba breki hazichomwi na mwinuko. Kadiri goti lililobeba uzito linavyozidi kukunjwa, ndivyo kilegesambwa, yaani pia ya goti, kinavyogandamizwa kwa nguvu zaidi kwenye mfupa wa paja, na hatua ndefu za mteremkoni huongeza mgandamizo huo.

Ndiyo maana maumivu ya aina hii huhisiwa mbele ya goti, kandokando ya kilegesambwa au nyuma yake, na hujitokeza pia mtu anaposhuka ngazi, anapochuchumaa, au anapokaa saa nyingi na goti limekunjwa ndani ya basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam. Yakiwa upande wa nje wa goti, mara nyingi yanahusiana na utepe mgumu unaoanzia nyonga na kuishia chini kidogo ya goti, nao pia huchokozwa na miteremko.

Mtaani utaambiwa kwamba ute wa goti umekauka, kwa hiyo ule bamia. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote na haufiki gotini ukiwa utelezi. Goti linalolia bila kuuma wala kuvimba kwa kawaida si dalili ya ugonjwa. Kukanda kwa barafu au kwa maji ya moto kunaweza kupunguza maumivu, ila hakuiongezei misuli nguvu, na nguvu ndiyo inayohitajika zaidi.

Kwa sababu hiyo, kulala kitandani kwa wiki nyingi si tiba nzuri, kwani misuli hudhoofika na maumivu hurudi mara tu mbio zinapoanza tena. Ni afadhali kupunguza umbali, kuacha miteremko kwa muda, na kuendelea na kiasi ambacho maumivu yake ni madogo na yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Mkazi wa Iringa ana njia rahisi ya kufanya hivyo: apande kwa miguu, ashuke kwa bajaji. Wenzake watamcheka, lakini atakuwa amefanya mazoezi ya maana bila kulichokoza goti.

Zoezi moja linastahili kuelezwa kwa kina. Simama kwa mguu wenye maumivu juu ya ngazi fupi, ushike ukuta kidogo, kisha ushushe kisigino cha mguu wa pili polepole mpaka kiguse sakafu, na urudi juu. Tazama goti linalobeba uzito: likiangukia ndani badala ya kuelekea vidole vya mguu, misuli ya nyonga huenda ni dhaifu, nayo iimarishwe kwa kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Mazoezi haya hufanywa mara kadhaa kwa wiki, na nafuu ya kweli huhesabiwa kwa wiki na miezi, si kwa siku.

Goti lililovimba ghafla baada ya kujipinda, linalokwama, linalolegea ukisimama, lisiloweza kubeba uzito, au lenye joto likiambatana na homa, lipelekwe hospitali bila kungoja mazoezi.

Miteremko hurudishwa mwisho, ikianzia na ile mifupi na isiyo mikali. Mkimbiaji afupishe hatua na kuongeza idadi yake kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, mguu utue karibu na mwili badala ya kutangulia mbele, kwa sababu mabadiliko hayo madogo hupunguza mzigo unaofika gotini hata kama kasi ni ileile.