Kozi ya utunzaji wa farasi: mizani na saa kabla ya tandiko

Wengi wanaojiunga na kozi ya utunzaji wa farasi katika vyuo vya Uingereza, kama Hartpury, Moulton au Reaseheath, huja na hamu ya kupanda. Kupanda kupo, lakini zipo njia za kumaliza kozi bila kukalia tandiko hata mara moja, na sehemu kubwa ya alama hupatikana ukiwa umesimama chini: bandani, kwenye stoo ya chakula na kwenye daftari la afya. Ngazi ya 2 kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Ngazi ya 3 ni miaka miwili, na hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuomba shahada. Sambamba na hizo kuna mitihani ya British Horse Society, chama cha farasi cha Uingereza, inayopanda kutoka hatua ya 1 hadi ya 5, na waajiri wengi wanaifahamu kuliko vyeti vya chuo.

Kinachowaangusha wanafunzi si woga wa farasi. Ni mazoea ya kukadiria. Anayetoka familia yenye farasi hupata shida zaidi hapa, kwa sababu amezoea kusema "mkono mmoja wa hiki, kopo moja la kile", na mtihani unamtaka aseme kilo.

Kazi ya asubuhi huanza kwa macho, kabla ya kushika chochote. Je, maji yamepungua? Nyasi za usiku zimekwisha? Kinyesi kiko kiasi gani, na kimeshikana au ni laini kama uji? Farasi mzima hunya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo banda lenye marundo mawili tu asubuhi ni taarifa tosha. Matandazo yaliyovurugwa kupita kawaida na jasho lililokauka ubavuni vinaweza kumaanisha aligaagaa usiku kwa maumivu ya tumbo. Ukishasafisha banda, ushahidi wote umeenda na toroli.

Usafi wenyewe una utaratibu wake. Mtoe farasi, au mfunge nje kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba isifungwe moja kwa moja kwenye pete ya ukutani. Ipitishwe kwenye kitanzi cha uzi dhaifu ili farasi akishtuka na kuvuta, uzi ukatike badala ya shingo kuumia. Toa ndoo. Okota kinyesi, kisha sukuma matandazo makavu pembeni hadi ulifikie eneo lililoloa. Hilo litoke lote, kwani mkojo ukikaa hutoa amonia inayochoma mapafu. Usiipime harufu ukiwa umesimama wima: inama hadi usawa wa goti, maana huko ndiko pua ya farasi inakokuwa akilala au akila nyasi za chini. Sakafu ipate hewa, kisha rudisha matandazo na uyainue kandokando ya kuta. Tuta hilo la pembeni linapunguza hatari ya farasi kujibingirisha na kunasa, mgongo chini na miguu imebanwa ukutani. Banda la farasi wa kawaida linapaswa kuwa na angalau mita 3.65 kwa 3.65.

Maji ni lita 25 hadi 50 kwa siku, kutegemea joto, kazi na aina ya chakula. Mabeseni yanayojijaza yenyewe yanaokoa muda, ila mimi napendelea ndoo kwa farasi mgonjwa au mgeni, kwa sababu beseni halikuambii amekunywa kiasi gani.

Sasa chakula, ambacho ndicho moyo wa kozi. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, na hutoa tindikali mchana na usiku hata likiwa tupu. Hawezi kutapika. Sehemu kubwa ya usagaji hufanyika nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha nyuzinyuzi. Ukiyashika hayo, kanuni zote zinajieleza: nyasi ziwepo karibu muda wote, chakula cha nafaka kisizidi kilo 2 kwa mlo mmoja kwa farasi wa kilo 500, na chakula kipya kiingizwe polepole kwa siku 7 hadi 14. Nafaka ikizidi, wanga hufika utumbo mpana bila kusagwa, tindikali hupanda, vijidudu hufa, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo au laminitisi, ule uvimbe wa ndani ya ukwato unaoweza kumlemaza kabisa.

Kabla ya kupima chakula, jua uzito wa farasi. Chuo chenye mizani ya jukwaa kina bahati. Pengine popote utepe wa cherehani unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, baada ya farasi kutoa pumzi. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawanye kwa 11,880. Mzunguko wa 180 na urefu wa 160 vinatoa kilo 436.

Farasi huyo mwenye kazi nyepesi anahitaji takriban asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 8.7. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa maana hizo ni kilo za chakula kikavu, bila maji yaliyomo ndani yake. Nyasi kavu zina kama asilimia 85 ya ukavu, hivyo utapima kilo 10.2. Nyasi zilizofungwa kwenye plastiki zikiwa na unyevu, yaani heileji, zinaweza kuwa na asilimia 60 tu, na hapo utapima kilo 14.5. Anayebadilisha kilo kwa kilo anamnyima farasi karibu theluthi ya nyuzinyuzi zake huku wavu wa nyasi ukionekana umejaa.

Kopo nalo linadanganya. Likijaa nyasi zilizokatwakatwa ni jepesi kabisa. Hilohilo likijaa tembe za nafaka linakuwa zito mara kadhaa. Pima kila aina mara moja kwa mizani ya kuning'iniza na uandike uzito wake ukutani mwa stoo. Masalia makavu ya kiazisukari yasiliwe bila kulowekwa, maana huvimba na kuziba koo. Yaliyo vipande hulowekwa saa 12, ya tembe saa 24, na yapo ya dakika 10. Magunia yanafanana, kwa hiyo soma maelezo kila linapofunguliwa jipya.

Vipimo vya afya huchukuliwa farasi akiwa ametulia, si dakika tano baada ya kutoka malishoni. Joto ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Simama ubavuni mwa paja, si nyuma yake. Paka kipimajoto mafuta, kiingize mkunduni, elekeza ncha iguse ukuta wa utumbo, na usikiachie. Kikichoma katikati ya kinyesi, joto unalosoma ni la kinyesi. Pumzi ni 8 hadi 16 kwa dakika, na huhesabiwa kwa kutazama ubavu ukipanda na kushuka. Ukiweka kiganja puani ataanza kukunusa na hesabu itavurugika. Mapigo ya moyo ni 28 hadi 44. Yatafute kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya taya, usitumie dole gumba kwa sababu lina mapigo yake lenyewe. Kwa stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto utasikia sauti mbili kwa kila pigo. Mwanafunzi mgeni huzihesabu zote mbili na kuandika 72 badala ya 36, kisha daktari wa mifugo anapigiwa simu bure. Hesabu kwa sekunde 30 uzidishe kwa 2; ukihesabu kwa 15 tu, kosa la pigo moja linakuwa mapigo manne.

Mwisho bonyeza ufizi kwa kidole, kisha uachie. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Farasi anayeparapara chini, anayegeuka kutazama ubavu wake na kukataa chakula, huku mapigo yakipita 60, ni dharura: ondoa chakula, mpigie daktari, na umsomee namba hizo kwenye simu.

Kwato husafishwa kila siku, kutoka kisigino kwenda mbele, ukikwepa ile sehemu laini yenye umbo la V katikati ya wayo. Uozo wake utaujua kwa harufu na weusi. Kupigilia viatu si kazi ya mwanafunzi. Kwa sheria ya Uingereza ya 1975 ni fundi aliyesajiliwa tu anayeruhusiwa, na huitwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi.

Minyoo: zama za kumpa kila farasi dawa kwa kalenda zimepita, kwa sababu usugu umeongezeka. Siku hizi kinyesi hupimwa kwanza, na farasi mwenye mayai chini ya 200 kwa gramu kwa kawaida hapewi dawa.

Kwa msomaji anayefikiria kurudi na cheti hiki Nairobi, Naivasha au Arusha, kuna pengo la kuziba mwenyewe. Ugonjwa wa farasi wa Afrika haujawahi kutokea Uingereza, hivyo darasani hupewa muda mfupi, ilhali kwetu ndio unaomnyima saisi, yaani mtunza farasi, usingizi. Ni virusi vinavyoenezwa na usubi wa jamii ya Culicoides, na punda milia huvibeba bila kuonyesha dalili. Tiba mahususi hakuna. Kinga ni chanjo, na kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama, madirisha yakiwa na wavu wenye matundu madogo mno, kisha kumtoa jua likishapanda. Dalili ni kuvimba juu ya macho, au kushindwa kupumua huku povu likitoka puani. Homa inaweza kutangulia dalili hizo, kwa hiyo majira ya mvua pima joto asubuhi na jioni, na yeyote anayevuka 38.5 asitiwe tandiko siku hiyo hata kama anakula vizuri, kwani kazi wakati wa homa hiyo inaweza kumuua.